Injini Iliyofungwa Upya Ikisumbua: Kupima Kabla ya Kuifungua Tena

Gari linapotoka gereji baada ya injini kufunguliwa yote, kuoshwa na kufungwa upya kwa ringi, beringi na gasketi mpya, mwenye gari hutarajia liwake kwa stata ya kwanza na kutulia. Mara nyingi huwaka likiwa na jambo: linatoa moshi, linamisi (silinda moja haichomi mafuta ipasavyo), linagonga kwa chini, linachemsha likipanda mlima, au haliwaki kabisa. Hasara kubwa huja baada ya hapo. Hedi (kichwa cha injini) inafunguliwa tena jioni ileile, gasketi isiyo na kosa inatupwa, na gari linarudi na tatizo lilelile kwa sababu hakuna aliyepima kujua limekaa wapi.

Makala haya yanaeleza njia ya kulitafuta tatizo hilo kwa mpangilio. Ninashikilia jambo moja ambalo naamini lingeokoa fedha za watu wengi: hakuna boliti ya hedi inayopaswa kulegezwa kwenye injini iliyofungwa upya mpaka mambo matatu yawe yamepimwa na kuandikwa, nayo ni shinikizo la oili, kompresheni (mbano wa hewa) ya kila silinda, na mahali taimingi, yaani ulinganifu wa kufunguka kwa vali na mwendo wa pistoni, ilipokaa. Viwili vya kwanza hupimwa kwa geji za kawaida za gereji, na cha tatu huhitaji kutoa kifuniko cha juu tu.

Kutafuta hitilafu katika injini iliyofungwa upya kunatofautiana na kuitafuta katika injini iliyozeeka. Injini iliyozeeka huharibika taratibu, kwa hiyo fundi huuliza ni nini kimechakaa. Injini iliyofungwa upya imebadilika kwa siku chache, kwa hiyo swali la kwanza ni nini kimeguswa. Sensa iliyokuwa nzima siku gari lilipoingia gereji inaweza kufa siku linapotoka, lakini ni rahisi zaidi kwamba waya wake haukurudishwa, au umerudishwa mahali pa mwenzake. Vilevile, kipuri kipya si kizima kwa sababu tu ni kipya, ila kabla ya kukilaumu inafaa kuhakikisha kimefungwa upande wake, kwa mpangilio wake na kwa nguvu iliyoagizwa.

Ili maelezo yasielee hewani, nitatumia mfano wa injini ya Toyota ya 1NZ-FE, ya petroli, yenye silinda nne na ujazo wa cc 1,496. Injini hii imo ndani ya Vitz, IST, Probox na magari mengine madogo yanayoletwa Afrika Mashariki yakiwa yametumika Japani, na ni vigumu kupita mitaa ya gereji na vipuri kama Gerezani mjini Dar es Salaam, Grogan mjini Nairobi au Kisekka mjini Kampala bila kuiona ikiwa imelala mezani. Namba nitakazozitaja kwa jina lake ni zake peke yake, na mwenye injini nyingine atafute za kwake katika kitabu cha mtengenezaji. Taratibu zenyewe hazitofautiani sana.

Oili kwanza

Injini inaweza kukaa muda mrefu ikiwa na taimingi isiyo sahihi au koili mbovu bila kuumia sana. Bila oili huumia ndani ya dakika chache. Kwa sababu hiyo kipimo cha shinikizo la oili hutangulia vingine vyote, na kwa kweli hutangulia hata kuwasha. Plagi zote hutolewa ili injini izunguke kwa wepesi, soketi za nozeli na za koili huchomolewa, kisha stata hupigwa kwa vipindi vya sekunde 10 hadi 15, na kuachwa ipoe kati ya kipindi na kipindi, mpaka geji ionyeshe kwamba oili imefika.

Nasema geji kwa makusudi. Taa nyekundu ya oili kwenye dashibodi huzimika pindi shinikizo linapovuka kiwango cha chini sana, kiwango ambacho hakitoshi kulinda beringi gari likiwa na abiria na mlima mbele yake. Taa kuzimika ni habari kwamba pampu imeanza kuvuta, na haisemi zaidi ya hapo. Swichi ya taa hiyo hufunguliwa kwa spana, geji ya mkono hufungwa mahali pake, na injini ikishawaka na kupata moto wa kawaida, shinikizo husomwa ikiwa inazunguka taratibu na tena ikiwa kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika. Kwa injini nyingi za petroli za ukubwa huu, usomaji wa kilopaskali 150 hadi 550 kwenye mizunguko hiyo uko ndani ya mipaka, na mwelekeo wa namba hizo una maana kubwa kuliko namba moja peke yake.

Shinikizo likiwa sifuri tangu mwanzo, hapana haja ya kufikiria beringi. Pampu iliyofungwa ikiwa kavu hushindwa kuvuta, na dawa yake ni kuijaza oili kabla ya kuifunga. Gasketi au oringi ya bomba la kufyonzea oili ikisahaulika, pampu hufyonza hewa. Plagi ndogo ya njia ya oili iliyotolewa wakati wa kuosha bloku isiporudishwa, oili yote huvujia ndani. Haya yote hujulikana kwa kutoa sampu (bakuli la oili chini ya injini), na hedi haiguswi.

Shinikizo likiwa zuri injini ikiwa baridi na kuanguka inapopata moto, shaka inahamia kwenye nafasi kati ya beringi na krenki, mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni. Nafasi hiyo katika injini ndogo huwa takriban milimita 0.02 hadi 0.05, na wembamba wake ndio unaozuia oili kukimbia ovyo. Oili inayopita katika nafasi nyembamba kama hiyo huongezeka kwa kadiri ya upana uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu, kwa hiyo nafasi ikipanuka mara mbili, oili inayovuja huongezeka karibu mara nane. Ndiyo maana kosa lisiloonekana kwa macho, kama krenki iliyochongwa kwa milimita 0.25 kuwekewa beringi za saizi ya kawaida, humaliza shinikizo lote. Toyota hupiga namba kwenye bloku na kwenye krenki ili fundi achague unene wa beringi kwa kila shingo ya krenki, na fundi anayenunua seti moja na kuifunga bila kusoma namba hizo anabahatisha. Uzi laini wa plastiki wa kupimia nafasi, unaopondwa kati ya beringi na krenki kisha kusomwa upana wake, ni wa bei ndogo mno ukilinganisha na gharama ya krenki.

Kuna chanzo kingine ninachotaka kukikazia, kwa sababu hukiona kila mtu anayefungua injini zilizofungwa na wengine. Ni silikoni. Gundi hii hupakwa kwenye sampu na kifuniko cha taimingi, na inapopakwa kwa wingi, ziada hubanwa kwenda ndani, hukauka, hukatika vipandevipande na kuelekea kwenye chujio la bomba la kufyonzea. Injini huanza na shinikizo zuri, kisha baada ya siku kadhaa shinikizo hushuka kwenye mizunguko mikubwa, pale pampu inapohitaji oili nyingi na chujio limezibwa. Kwenye 1NZ-FE vipande vidogo zaidi huweza kuziba kichujio kidogo cha vali ya oili inayoendesha mfumo wa VVT-i (unaobadilisha taimingi ya vali injini ikiendelea kuzunguka), na hapo gari linakosa nguvu na mashine ya kusomea hitilafu inatoa kodi (namba ya hitilafu) ya P0011, nayo haihusiani kabisa na sensa ambayo wengi hukimbilia kuibadilisha. Mstari mwembamba wa silikoni, wenye unene wa milimita chache, uliopakwa kwenye chuma kikavu kisicho na oili, unatosha.

Kompresheni na maana ya namba zake

Kipimo cha kompresheni hufanywa vibaya mara nyingi kuliko kinavyofanywa vizuri. Injini inatakiwa iwe na moto, plagi zote nne zitolewe, throto (mlango wa hewa wa injini) iwe wazi kabisa, betri iwe na nguvu, na kila silinda izungushwe kwa idadi ileile ya mapigo. Fundi akiacha plagi tatu ndani, au throto ikiwa imefungwa, atapata namba ndogo na kulaumu ringi zisizo na kosa.

Kwa 1NZ-FE mtengenezaji anataja kilopaskali 1,471, yaani karibu psi 213, kuwa kompresheni ya kawaida, kilopaskali 1,079 kuwa kiwango cha chini kinachokubalika, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi kilopaskali 98. Hapa pana jambo ambalo mafundi wa nyanda za juu wanapaswa kulijua. Namba hizo zinachukulia kwamba hewa inayoingia ni ya usawa wa bahari. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa huo, na shinikizo la hewa huko ni pungufu kwa karibu asilimia 18 likilinganishwa na Dar es Salaam au Mombasa. Silinda hubana kile inachopewa, kwa hiyo injini nzima kabisa ambayo Mombasa ingesoma 1,471 itasoma karibu 1,200 ikiwa Nairobi. Usomaji wa 1,000 ukipatikana Mombasa ni wa kushindwa, na ukipatikana Nairobi unaweza kuwa wa injini inayokubalika. Injini ngapi zimefunguliwa tena katika miji ya milimani kwa sababu ya kulinganisha namba ya mlimani na kitabu cha pwani, sijui jinsi ya kuhesabu, lakini kosa lenyewe ni rahisi kulifanya. Tofauti kati ya silinda moja na nyingine haidanganyi namna hiyo, kwa kuwa zote hupumua hewa ileile.

Namba nne zikishaandikwa, zisomwe kwa pamoja. Zote zikiwa chini kwa kadiri moja, ni nadra sana ringi za silinda zote nne kuharibika sawasawa, na mtuhumiwa wa kwanza ni taimingi, kwa sababu vali zinazofungwa kwa kuchelewa huachia hewa ya silinda zote kwa pamoja. Mbili zinazopakana zikiwa chini, uvujaji uko kati yao, kwenye gasketi ya hedi au kwenye uso wa hedi usionyooka. Moja peke yake ikiwa chini, kijiko cha oili humiminwa ndani yake kupitia tundu la plagi na kipimo hurudiwa. Namba ikipanda sana, oili imeziba pembeni mwa pistoni, na ringi ndizo zinazovujisha. Isipopanda, uvujaji uko juu, kwenye vali au gasketi.

Lakini ringi mpya zinahitaji haki yake. Katika saa za kwanza bado hazijajikalia kwenye kuta za silinda, na kompresheni yake huwa chini kidogo ya ile itakayokuwa baada ya kilomita mia kadhaa. Silinda zote zikisoma chini kidogo, kwa usawa, na shinikizo la oili likiwa zuri, injini hiyo iendeshwe kabla ya kuhukumiwa.

Kipo kipimo kizuri zaidi, ambacho gereji yoyote yenye kompresa ya hewa inaweza kukifanya. Pistoni ya silinda inayoshukiwa hupandishwa mpaka juu, vali zake zote zikiwa zimefungwa, krenki hushikiliwa isizunguke, na hewa huingizwa kupitia tundu la plagi. Kisha fundi husikiliza. Hewa ikisikika kwenye throto, vali ya kuingizia haifungi. Ikisikika kwenye ekzosi, ni vali ya kutolea. Ikitoka kwenye mdomo wa kujazia oili, inapita kwenye ringi, na kiasi kidogo ni cha kawaida. Mapovu yakitokea kwenye rejeta iliyofunguliwa, gasketi ya hedi inavuja au hedi ina ufa. Hiki ndicho kipimo kinachoweza kutetea uamuzi wa kufungua hedi mbele ya mwenye gari, kwa sababu naye anaweza kuinama na kusikia.

Vali zilizosagwa na taimingi iliyoruka jino

Kosa la vali linalojificha zaidi hutokana na kazi nzuri. Fundi anaposaga vali na vitako vyake ili zikae barabara, vali huzama kidogo zaidi ndani ya hedi, na mkia wake hujitokeza zaidi upande wa kemshafti, mhimili unaofungua vali. Nafasi ya tapeti, kikombe kilicho kati ya kemshafti na vali, inapungua. 1NZ-FE inataka milimita 0.15 hadi 0.25 kwa vali za kuingizia na 0.25 hadi 0.35 kwa vali za kutolea, injini ikiwa baridi, na haina skrubu ya kurekebishia: nafasi hubadilishwa kwa kuweka kikombe cha tapeti chenye unene mwingine. Fundi asipopima baada ya kusaga, au akirudisha vikombe bila kuzingatia kila kimoja kilitoka wapi, baadhi ya vali hubaki bila nafasi yoyote. Injini baridi itawaka vizuri. Ikipata moto, chuma hutanuka, vali hizo haziwezi tena kufunga hadi mwisho, kompresheni hupotea na gari huanza kumisi au kuzimika, kisha likipoa huwaka tena kana kwamba halikuwa na neno. Dalili hii hupelekea watu kubadilisha koili, pampu ya mafuta na hata kompyuta ya gari. Kipimo chake ni fila geji (vipande vyembamba vya chuma vya kupimia nafasi), na kazi yake ni ya nusu siku. Ikiachwa, vali za kutolea huungua, kwa kuwa hupozwa zinapogusa kitako chake na hizi hazikigusi.

Kuhusu taimingi, krenki huzunguka mara mbili kila kemshafti inapozunguka mara moja, na cheni ndiyo inayolinda uhusiano huo. Cheni ya 1NZ-FE ina viungo vyenye rangi vinavyolinganishwa na alama za giya wakati wa kufunga. Viungo hivyo ni vya siku ya kufunga tu. Injini ikishazungushwa, huchukua mizunguko mingi kabla havijakutana tena na alama, kwa hiyo anayefungua kifuniko siku ya pili na kuona viungo vimeachana na alama asiogope. Kinachopaswa kukaguliwa ni alama za giya za kemshafti zote mbili, pistoni ya kwanza ikiwa juu kabisa na alama ya puli ya krenki ikisoma sifuri. Kwenye giya la krenki lenye meno 18, kuruka jino moja ni kukosea digrii 20 za krenki. Gari laweza kuwaka kwa kosa hilo, likawa zito, likachelewa kuitikia mafuta, na kutoa kodi ya P0016 inayosema kwamba krenki na kemshafti hazikubaliani.

Injini za zamani zenye distribyuta (kifaa kinachogawa cheche kwa plagi) zina mtego wake. Pistoni ya kwanza hufika juu mara mbili katika kila duru, mara moja ikibana na mara moja ikitoa moshi, na distribyuta ikifungwa wakati wa mara ya pili, cheche hutoka kwa wakati usio wake. Gari haliwaki, na hupiga moto kurudi kwenye manifoldi (mabomba ya kuingizia hewa) au ekzosi. Kidole kikiziba tundu la plagi ya kwanza huku krenki ikizungushwa kwa spana, msukumo wa hewa utaonyesha ni ipi mara ya kubana.

Na kabla ya stata yoyote, krenki izungushwe kwa mkono mizunguko miwili kamili. Ikigota, isilazimishwe, kwani huenda vali imekutana na pistoni.

Umeme na hewa

Sehemu hii ni fupi kwa sababu makosa yake ni mengi lakini mepesi. Waya wa ethi kati ya injini na bodi usiporudishwa au ukifungwa juu ya rangi, stata huzunguka kwa unyonge na sensa hutoa taarifa za ajabu. Kodi ya P0335 huelekeza kwenye sensa ya krenki, na P0340 kwenye ya kemshafti, na katika gari lililotoka kufungwa upya soketi hukaguliwa kabla ya kununua sensa. P0301 hadi P0304 hutaja silinda inayomisi: koili yake ihamishiwe silinda nyingine, na misi ikiifuata, koili ni mbovu, ikibaki palepale, turudi kwenye nozeli na kompresheni. P0171 husema mafuta ni machache kulingana na hewa, na baada ya kufungwa upya hilo humaanisha mara nyingi mpira wa hewa ulioachwa au gasketi ya manifoldi iliyokunjwa, hasa mzunguko wa injini ukiwa unapanda na kushuka wenyewe.

Moshi na sauti

Moshi wa dakika za kwanza hautoshi kuwa ushahidi. Oili iliyopakwa kwenye silinda na pistoni wakati wa kufunga, na ile iliyobaki ndani ya ekzosi tangu injini ya zamani ilipokuwa ikila oili, ni lazima iungue. Moshi wa aina hiyo hupungua siku hadi siku. Usiopungua husomwa kwa wakati unaotokea. Moshi wa bluu unaotoka kwa nguvu wakati wa kukanyaga mafuta hutoka kwenye ringi. Unaotoka baada ya gari kusimama muda na injini ikizunguka taratibu, kisha dereva akakanyaga, hutoka kwenye sili za vali. Ringi ya pili ina upande wake wa juu, uliowekewa alama, na ikifungwa kichwa chini hukwangua oili kuipeleka juu badala ya kuirudisha kwenye sampu. Injini ya namna hiyo huwa na kompresheni nzuri na bado hula oili, na mchanganyiko huo wa dalili mbili ndio unaoitambulisha.

Moshi mweusi ni mafuta yaliyozidi, na soketi ya sensa ya joto la maji iliyoachwa wazi ni mahali pazuri pa kuanzia. Mweupe wa asubuhi unaokauka injini ikipata moto ni mvuke. Mweupe usiokoma, wenye harufu tamutamu ya kulenti (kimiminika cha kupozea injini), pamoja na maji yanayopungua bila kuonekana yanakovujia, ni maji yanayoingia ndani ya silinda.

Sauti nazo zina tabia. Mlio wa tiktiki kutoka juu, unaokwenda nusu ya mwendo wa krenki, ni wa tapeti. Mkwaruzo wa sekunde moja au mbili asubuhi ni wa cheni inayosubiri tenshena (kifaa kinachoikaza) ijae oili, na usipokoma huenda tenshena ilifungwa bila kuachiliwa pini yake. Mlio mkavu wa kugonga unaosikika injini ikiwa baridi na kutoweka ikipata moto ni wa pistoni yenye nafasi kubwa ndani ya silinda. Mlio mzito wa kugonga unaoongezeka injini inapobeba mzigo ni wa beringi ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki), na huthibitishwa kwa kuchomoa koili moja baada ya nyingine: silinda husika ikikosa moto, mlio hulegea. Huo wa mwisho hauna subira. Injini izimwe na gari livutwe, kwani kilomita chache za kulifikisha gereji zinatosha kuharibu krenki iliyokuwa bado inafaa.

Kuchemsha

Injini mpya hutoa joto zaidi ya ya zamani kwa sababu ya msuguano wa sehemu ambazo bado hazijazoeana, lakini mfumo mzima wa kupoza unalimudu joto hilo. Inapochemsha, chanzo cha mara nyingi ni hewa iliyonaswa ndani wakati wa kujaza maji. Gari huegeshwa pua ikiwa juu, hita ya ndani hufunguliwa hadi mwisho, na maji hujazwa taratibu mpaka thermostati ifunguke, ambayo kwa 1NZ-FE ni kati ya nyuzi 80 na 84. Watu wa milimani wasikubali ushauri wa kutoa thermostati au kutumia kifuniko cha rejeta kilicholegea. Nairobi maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na ni shinikizo linaloshikiliwa na kifuniko ndilo linalosogeza kiwango hicho mbali na joto la kawaida la injini. Hewa ikishatolewa yote na bado mapovu yakaendelea kwenye rejeta na mipira ikawa migumu mara tu baada ya kuwasha, moto wa silinda unapita kwenye gasketi. Kwenye baadhi ya injini gasketi ikigeuzwa hubana matundu ya maji, na hapo injini huchemsha bila kuvuja popote.

Kilomita 1,000 za kwanza

Ringi hukaa kwenye silinda kwa sababu moto unaoungua juu ya pistoni huingia nyuma yake na kuisukuma ukutani. Msukumo huo huhitaji mzigo. Injini iliyowashwa na kuachwa ikizunguka taratibu kwa saa nyingi, kama bado inavyofanyika katika gereji nyingi kwa nia njema, hunyimwa msukumo huo, kuta za silinda hung'aa na kulainika kabla ringi hazijakaa, na injini hubaki ikila oili bila kipuri chochote kuwa na kosa. Ikishathibitishwa kwamba shinikizo la oili ni zuri, maji hayavuji na hakuna mlio wa kugonga, gari liingie barabarani, likanyagwe kwa wastani kisha liachiwe, kwa mwendo unaobadilika, bila mzigo mzito na bila mizunguko mikubwa.

Oili ya kwanza imwagwe mapema, kati ya kilomita 500 na 1,000, na filta yake ikatwe na karatasi yake ikunjuliwe kwenye mwanga. Unga mwembamba wa kijivu ni wa kawaida kwa injini inayozoeana. Chembe zinazovutwa na sumaku hutoka kwenye ringi, kuta za silinda, cheni au kemshafti, na zikiwa kubwa kiasi cha kushikika kwa vidole, kompresheni ipimwe tena na kulinganishwa na ile iliyoandikwa siku ya kwanza. Vipande bapa vya rangi ya fedha visivyovutwa na sumaku, au vya rangi ya shaba, hutoka mara nyingi kwenye beringi. Vikionekana, injini isiwashwe tena. Sampu ndiyo hutolewa kwanza, vifuniko vya konrodi vifunguliwe kimoja kimoja kutoka chini na beringi zikaguliwe, huku hedi, cheni na gasketi yake vikibaki vilivyo.